Mbele ya Nani? Kuume, Kushoto, Mbele na Pembeni ya Vitu vya Kila Siku katika Kiswahili cha Kasongo

1. Utangulizi

Tuanze na sentensi fupi ambayo dereva wa moto mjini Kasongo anaweza kuisikia siku yoyote kutoka kwa abiria wake:

(1) Ndugu, unishushe mbele ya soko.

Hakuna neno gumu ndani yake. Hata hivyo dereva anayeisikia ana mahali patatu pa kusimama. Anaweza kusimama kabla ya kufika sokoni, kwa sababu katika Kiswahili chetu "mbele ya" ina pia maana ya "kabla ya": mbele ya kula tunanawa mikono, mbele ya kulala tunafunga mlango. Anaweza kusimama penye uso wa soko, pale watu wanapoingilia. Na anaweza kulipita soko akasimama baada yake, kwa kuwa kwa mtu aliye safarini mbele ni kule anakokwenda. Maana zote tatu ni Kiswahili safi, na sentensi yenyewe haisemi ipi ndiyo.

Somo hili linahusu maneno ya aina hiyo: mbele, nyuma, kuume, kushoto na pembeni, tunapoyatumia kwa vitu tunavyovishika na kuvipita kila siku. Hoja yake ni moja. Upande hauna budi kuwa na mwenyewe. Mwenyewe huyo anaweza kuwa kitu chenyewe, mtu anayekitumia, mtu anayekitazama, safari inayoendelea, au ardhi na mto. Kiswahili mara nyingi hakimtaji, msikilizaji humkisia. Akikisia vizuri, hakuna anayetambua kwamba palikuwa na kukisia. Akikosea, abiria anatembea kwa miguu na mzigo kichwani, shahidi wa shamba anaeleweka kinyume, na muuguzi anaandika mguu mzima badala ya mguu mgonjwa.

Kwa wanafunzi wa kitivo cha lugha jambo hili si dogo. Wengi wetu tutakuwa walimu, wakalimani au waandishi wa habari, na tumezoea orodha za daftarini zinazolinganisha neno kwa neno: mbele ni devant, nyuma ni derrière. Sentensi (1) inaonyesha upungufu wa orodha hizo. Mkalimani wa Kifaransa atalazimika kuchagua kati ya avant, devant na après, na orodha ya daftarini haimsaidii kuchagua.

2. Majina ya pande yametoka wapi

Majina haya hayakutungwa na wapimaji ardhi. Yametoka katika mwili wa binadamu, kazi za mikono yake na dunia inayomzunguka.

Tuangalie mikono kwanza. Vitabu vya Tanzania na Kenya hutumia zaidi kulia na kushoto. Kulia hapa hakuhusiani na machozi. Ni kitenzi "kula" katika kauli ya kutendea: mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula. Huku kwetu, kama sehemu nyingi za Kongo zinakosemwa Kiswahili, neno lililozoeleka ni kuume, lenye shina lile lile la "mwanaume". Neno hili halikuzaliwa Kongo. Linapatikana katika kamusi za zamani za pwani, na Biblia ya Union Version ya 1952 inalitumia mahali pengi. Kamusi hizo za zamani zinaonyesha pia kwamba mkono wa kushoto uliitwa mkono wa kike. Jozi ilikuwa ya kiume na kike. Upande mmoja wa jozi umebaki katika matumizi na mwingine umefifia. Katika somo hili tutatumia kuume, kwa sababu ndilo linalosemwa hapa na kwa sababu halichanganyiki na kilio.

Maneno mengine ya mahali yana historia ya namna hiyo hiyo. Ndani lina kiambishi "-ni" cha mahali, na mzizi wake wa Kibantu unahusu tumbo. Chini limejengwa juu ya neno "nchi", yaani ardhi. Pembeni ni penye pembe, ubavuni ni penye mbavu, mgongoni ni penye mgongo. Bernd Heine, katika kitabu chake cha 1997 juu ya misingi ya kiakili ya sarufi, ameonyesha kwamba lugha nyingi za Afrika hupata maneno ya mahali kutoka katika viungo vya mwili, na baada ya hapo kutoka katika alama za ardhi. Kiswahili kinafuata njia hiyo.

Asili hii inatufundisha jambo la kwanza muhimu. Mwili una mbele moja na nyuma moja, na hizo mbili hazifanani: uso uko upande mmoja na kisogo upande mwingine. Mbavu za kuume na za kushoto zinafanana. Ndiyo maana hatuwezi kujua kuume kwa kitu bila kujua kwanza mbele yake na juu yake. Mbele ikibadilika, kuume kunabadilika pamoja nayo. Yeyote anayebishana juu ya kushoto na kuume, mara nyingi anabishana juu ya mbele bila kujua.

3. Vitu vyenye uso na vitu visivyo na uso

Tumevipa vitu vya nyumbani viungo vya mwili kwa ukarimu. Chupa ina mdomo, shingo na kitako. Meza ina miguu. Sufuria ina masikio. Lakini kiungo kimoja kinatolewa kwa uchoyo, nacho ni uso. Chupa ina mdomo na shingo, ila haina uso, kwa hiyo haina mbele, na kwa hiyo haina kuume. Vivyo hivyo mwembe, ndoo, mtungi, kinu na nguzo ya nyumba. Mtu akisema "kuume ya mwembe", mwembe wenyewe haukusaidii. Lazima umtafute mwenye upande huo mahali pengine.

Vitu vingine vina uso kwa sababu ya kazi yake au mwendo wake. Redio ina uso: ni upande wenye vitufe na sauti. Kinga (baiskeli) ina mbele kwa sababu inakwenda. Mtumbwi una mbele kwa sababu hiyo hiyo. Mabaharia wa pwani waliupa upande wa mbele wa chombo jina lake, omo, na wa nyuma wakauita tezi.

Halafu kuna vitu vichache ambavyo kushoto na kuume vimeumbwa navyo. Kiatu ndicho mfano bora. Kiatu cha kushoto ukikiweka upande wa kuume wa mlango, kinabaki kiatu cha kushoto. Ukikitupa juu ya paa, ni cha kushoto vile vile. Umbo lake linafuata mguu, na mguu una mwenyewe asiyebadilika. Hivyo sentensi hii haina ubishi:

(2) Kiatu cha kushoto kiko kuume ya mlango.

Maneno mawili ya upande yamekaa katika sentensi moja bila kugombana, kwa kuwa kila moja lina mwenyewe wake. La kwanza ni la mguu, la pili ni la mtu anayeutazama mlango.

4. Kitu cha kukaliwa na kitu cha kutazamwa

Sasa tufike kwenye kanuni ambayo haifundishwi sana, ingawa kila mmoja wetu anaifuata. Vitu vyenye uso vimegawanyika makundi mawili.

Kundi la kwanza ni vitu tunavyovikalia, tunavyovipanda au kuvivaa. Hapa mwenye upande ni mtumiaji aliye ndani au juu ya kitu. Mkono wa kuume wa kiti ni ule ulio kuume kwa mtu aliyekaa, hata kama wewe umesimama mbele yake na kuuona upande wako wa kushoto. Mfuko wa shati la kiume kwa kawaida uko kushoto, yaani kushoto kwa aliyelivaa. Anayezungumza naye anauona kuume kwake. Vifungo vya shati hilo hushonwa upande wa kuume wa mvaaji, na vya blauzi ya kike mara nyingi upande wa kushoto. Mnyororo wa kinga uko kuume, kwa kuwa mpanda kinga ndiye anayehesabiwa.

Mfano wa kinga unastahili kuangaliwa zaidi. Fundi akiigeuza kinga juu chini, imesimama juu ya kiti na usukani huku gurudumu la mbele likielekea kule kule lilikoelekea, mnyororo unahamia upande wa pili. Mtu aliyesimama nyuma ya kinga akitazama mbele sasa anauona mnyororo kushoto kwake. Lakini fundi bado atauita upande huo "kuume ya kinga". Kinga imepinduliwa, na mpanda kinga wa mawazoni amepinduliwa pamoja nayo.

Kundi la pili ni vitu tunavyovikabili kwa uso: kabati, ubao wa darasani, redio, picha ukutani, ukurasa wa kitabu. Hakuna mtu anayekaa ndani ya kabati akitazama nje. Kwa hiyo mlango wa kuume wa kabati ni ule ulio kuume kwa anayelitazama. Tukifikiri vizuri tutaona kwamba kundi hili ni kinyume cha mwili. Kabati lingekuwa mtu anayetutazama, kuume kwake kungekuwa kushoto kwetu. Lakini tumelipa kabati uso wa mtu na tumekataa kulipa mikono yake.

Magari yanaonyesha jinsi desturi na sheria zinavyoingia katika lugha. Katika nchi yetu magari hupita kuume ya barabara, kama Rwanda na Burundi. Uganda, Tanzania na Kenya yanapita kushoto. Magari yaliyotengenezwa kwa barabara za kuume yana usukani kushoto. Lakini mashariki mwa Kongo kuna magari mengi yaliyoletwa na usukani kuume. Kwa sababu hiyo "upande wa dereva" na "upande wa kushoto" si kitu kimoja. Anayemwelekeza fundi kwamba taa ya upande wa dereva imezimika amesema jambo linalotegemea gari lenyewe. Anayesema taa ya kushoto, kushoto kwa aliyekaa ndani, amesema jambo linalofaa kwa gari lolote.

5. Nyumba, kanisa na msikiti

Kuna vitu vinavyoingia katika makundi yote mawili, na hapo ndipo ubishi mwingi unapozaliwa. Nyumba ni kitu cha kukaliwa na pia kitu cha kutazamwa. Mbele yake haina shida kwa kawaida: ni upande wa baraza na mlango mkubwa, na jiko liko nyuma. Lakini kuume ya nyumba ni wapi? Mama mwenye nyumba, aliyekaa barazani akitazama barabara, anahesabu kwa mkono wake. Mpita njia anayeitazama nyumba kutoka barabarani anahesabu kwa mkono wake pia. Wote wawili wanasema:

(3) Ndizi zangu ziko kuume ya nyumba.

Na wote wawili wanaonyesha ncha tofauti za ukuta ule ule. Hakuna aliyesema uongo. Hakimu au mzee wa kijiji anayesikiliza maneno haya katika kesi ya shamba asipouliza "kuume kwa nani?", ataandika mpaka mahali ambapo hakuna shahidi aliyekusudia.

Kanisa na msikiti vina ugumu mwingine, nao unahusu mbele yenyewe. Tukisema "tukutane mbele ya kanisa", tunakutana nje, penye mlango. Tukiisha kuingia, mwenye kutuongoza akisema "wazee wakae mbele", wazee wanakwenda kwenye altare, upande ulio mbali na mlango. Hivyo mbele ya nje na mbele ya ndani zimepeana mgongo. Nje mwenye upande ni jengo linalotazama njia. Ndani mwenye upande ni watu wanaosali.

Msikiti una jambo la ziada. Mbele ya ndani haifuati njia wala mlango, inafuata kibla. Kwa Kasongo, Makka iko upande wa kaskazini ikiegemea kidogo mashariki. Barabara inaweza kupita popote, mlango unaweza kufunguliwa upande wowote unaofaa, lakini safu ya kwanza ya waumini itaelekea huko. Hapa mbele imefungwa na dunia, na haiwezi kuhamishwa na fundi wala na mtazamaji.

6. Chupa na kopo: mtazamaji anapoamua

Turudi kwenye vitu visivyo na uso. Weka chupa mezani, halafu weka kopo upande wa pili wa chupa, ili chupa iwe kati yako na kopo. Kopo liko wapi?

Jibu la kwanza ni "nyuma ya chupa". Anayejibu hivyo ameifanya chupa kama mtu anayemtazama yeye: uso wa chupa uko kwake, kisogo kiko kule liliko kopo. Jibu la pili ni "mbele ya chupa". Anayejibu hivyo ameifanya chupa kama mtu aliyesimama naye katika mstari, wote wakitazama upande mmoja. Kopo liko mbele ya chupa kama vile aliye mbele yako katika foleni amekupa mgongo. Majibu yote mawili yana mantiki. Mwanaisimu Clifford Hill alieleza jibu la pili katika Kihausa cha Afrika Magharibi, ambako kitu kilicho mbali zaidi na msemaji huweza kuitwa cha mbele. Ni kosa kufikiri kwamba jibu moja ni la watu walioelimika na jingine la wasioelimika. Ni njia mbili za kukipa uso kitu ambacho hakina.

Angalia sasa jambo la ajabu katika jibu la kwanza. Anayesema kopo liko nyuma ya chupa ameifanya chupa imwangalie. Chupa ingekuwa mtu kamili, kuume kwake kungekuwa kushoto kwa msemaji. Lakini ukiweka kijiko karibu na chupa, upande wa mkono wa kuume wa msemaji, atasema kijiko kiko kuume ya chupa. Mbele na nyuma amezigeuza kama kwenye kioo. Kuume na kushoto ameziacha kwenye mikono yake mwenyewe. Ni kile kile tulichokiona kwa kabati.

Stephen Levinson, katika kitabu chake cha 2003 juu ya nafasi katika lugha na fikra, amezipanga namna hizi katika mifumo mitatu: ule unaofuata uso wa kitu chenyewe, ule unaofuata mtazamaji, na ule unaofuata pande za dunia. Anaonyesha kwamba zipo lugha, kama Kiguugu Yimithirr cha Australia, ambazo wasemaji wake hutumia pande za dunia hata kwa vitu vidogo vilivyo karibu nao. Kiswahili kinatumia mifumo yote mitatu. Utajiri huo una gharama: msikilizaji lazima ajue ni mfumo upi unaosemwa sasa.

7. Safari: mbele inayotembea

Mfumo wa safari ndio uliotupa shida ya sentensi (1). Mtu anapotembea, mbele inaacha kuwa uso wa kitu na inakuwa sehemu ya njia. "Nenda mbele kidogo" haina haja ya kitu chochote chenye uso. Na tukisema "nyumba yake iko mbele ya daraja", tukiwa njiani, wengi wataelewa kwamba daraja linavukwa kwanza.

Lakini mbele ina pia kazi ya mpangilio. Katika msururu wa watu, wa kwanza ndiye aliye mbele, naye ndiye anayefika kabla ya wengine. Kutoka hapo tunapata "mbele ya kula" kwa maana ya kabla ya kula, na "mbele tulikuwa tunalima ng'ambo" kwa maana ya hapo zamani. Wakati huo huo tunasema "siku za mbele" tukikusudia siku zijazo. Neno moja linaelekea jana na kesho. Hakuna mkanganyiko katika fikra: anayepanga matukio kama msururu anaona la kwanza liko mbele, anayetembea katika wakati anaona kesho iko mbele. Mkanganyiko unakuja pale msemaji anapotumia hesabu moja na msikilizaji nyingine.

Abiria wa sentensi (1) anaweza kujisaidia bila kutafuta neno jipya:

(4) Ndugu, unishushe kabla hatujafika sokoni.
(5) Ndugu, unishushe pa mlango wa soko.
(6) Ndugu, unishushe tukiisha kupita soko.

8. Mto na ardhi

Mwenye upande mkubwa kuliko wote katika eneo letu ni Lualaba. Desturi ya wanajiografia ni kwamba mto una kuume na kushoto kwake: simama ukielekea kule maji yanakokwenda. Kwetu Lualaba inatoka kusini kwenda kaskazini. Kwa hiyo ukingo wa kuume ni wa mashariki na ukingo wa kushoto ni wa magharibi. Kasongo iko upande wa kuume, pamoja na Nyangwe. Kibombo iko upande wa kushoto. Kindu imegawanyika: Kasuku na Mikelenge ziko kushoto, Alunguli iko kuume. Anayekuja kutoka kaskazini akifuata mto kinyume cha maji ataiona Alunguli kushoto kwake, lakini haitaacha kuwa ukingo wa kuume. Maji hayo hayo yakifika Kinshasa, ambako mto umegeuka, ukingo wa kushoto uko upande wa kusini, na ndiko mji mkuu wetu uliko. Brazzaville iko kuume.

Lugha ya kila siku ina neno ambalo mwenyewe wake ni msemaji: ng'ambo. Ng'ambo ni upande ambao sisi hatupo. Kwa mtu wa Kasongo ng'ambo ya Lualaba ni magharibi, kwa mtu wa Kibombo ni mashariki. David Livingstone alipokaa Nyangwe mwaka 1871 bila kupata mitumbwi ya kumvusha, ng'ambo aliyoitamani ilikuwa ukingo wa kushoto. Angevuka, ng'ambo ingehama na kuwa Nyangwe.

Juu na chini navyo vina wenyewe wawili. Kwenye ramani ya shule Kindu iko juu ya Kasongo, kwa kuwa kaskazini huchorwa juu. Kwa maji, Kindu iko chini, kwa kuwa Lualaba inashuka kuelekea huko. Mwanafunzi anayesema "kupanda Kindu" amesoma ramani. Anayesema "kushuka Kindu" amesoma mto. Mwalimu asimwadhibu hata mmoja kabla ya kuuliza.

Pande za dunia zenyewe zilisafiri mbali kufika huku. Mashariki na magharibi ni maneno ya Kiarabu. Kaskazini na kusini yanatokana na pepo za Bahari ya Hindi: kaskazi, inayovuma kutoka kaskazini-mashariki karibu na Desemba hadi Machi, na kusi, inayovuma kutoka kusini katikati ya mwaka. Kwa baharia wa Zanzibar maneno hayo yalikuwa upepo unaousikia shingoni. Misafara ya karne ya 19 iliyaleta Kasongo, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka baharini, mahali ambapo hakuna tanga la kungojea kusi. Upepo ulibaki pwani, jina likafika. Tangu 1988, Kivu ya zamani ilipogawanywa na kuwa Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema, maneno hayo ya mabaharia yamekuwa majina ya mikoa isiyogusa bahari.

9. Darasani, hospitalini na barazani

Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alionyesha katika kitabu chake cha 1924 kwamba mtoto hujifunza pande kwa hatua. Kwanza, kati ya miaka 5 na 8 hivi, anajua mkono wake wa kuume. Baadaye, kati ya miaka 8 na 11, anaweza kuonyesha mkono wa kuume wa mtu aliyemkabili. Mwishoni, karibu na miaka 11 au 12, anaweza kusema kitu cha katikati kiko kushoto kwa kimoja na kuume kwa kingine. Mwalimu wa darasa la kwanza anayewakabili watoto na kuinua mkono wake wa kuume akisema "kuume!" anawapa watoto kazi ya hatua ya pili kabla ya wakati wake. Watainua ule ulio upande wa mkono wa mwalimu, yaani wa kushoto. Ni bora awape mgongo kwa muda, wote watazame ubao, kisha wainue pamoja.

Hospitalini, kanuni ya waganga ni wazi: kushoto na kuume ni vya mgonjwa sikuzote. Hata picha ya eksirei hutazamwa kana kwamba mgonjwa amekukabili, hivyo kuume kwake kuko kushoto kwa anayeitazama. Lakini jamaa anayeeleza akiwa amesimama miguuni pa kitanda anaweza kusema "ni huu wa kushoto" kwa hesabu ya macho yake. Mkalimani mwema hatatafsiri neno hilo mara moja. Atasema, "Mama, tafadhali guse mguu unaouma," kisha aandike.

Barazani, katika maneno ya mashamba na mipaka, Kiswahili kina vifaa vya kutosha vya kumtaja mwenye upande. Tunaweza kusema: kuume kwako, ukielekea mto, ukitoka Kabambare, ukiupa mlango mgongo, kwa mtu aliyekaa, upande jua linakochomoza. Kila kimojawapo kinaongeza maneno mawili au matatu tu, na kinaondoa kesi.

Kwa ufupi, msikilizaji wa neno la upande ajiulize maswali matatu. Je, kitu hiki kina uso wake? Kama kina uso, je, kinakaliwa au kinatazamwa? Je, kuna mwendo, wa mtu, wa maji au wa wakati? Majibu yakiwa bado mawili, aulize: mbele ya nani, kuume kwa nani?

10. Mazoezi

1. Fanyeni jaribio la chupa na kopo kwa watu kumi wa rika mbalimbali, kwa Kiswahili, kisha kwa Kifaransa kwa wale wanaokijua. Andikeni maneno yao kamili, sio muhtasari. Je, kuna wanaobadilisha jibu wanapobadilisha lugha?

2. Mpange mwenzako akae kwenye kiti, nawe usimame ukimkabili. Taja mkono wa kuume wa kiti, mfuko wa shati lake, na mlango wa kuume wa kabati lililo ukutani nyuma yake. Eleza mwenye upande ni nani katika kila jibu.

3. Tafsiri kwa Kifaransa, ukitoa maana zote zinazowezekana: "Alijenga mbele ya shule." Kisha iandike upya kwa Kiswahili mara tatu, kila mara kwa maana moja tu.

4. Msafiri anatoka Kabambare kuja Kasongo. Kwa jumla, kuume kwake ni upande gani wa dunia? Akiendelea hadi ukingoni mwa Lualaba na kusimama akitazama ng'ambo, maji yanakwenda upande gani wa mkono wake? Chora, kisha eleza kwa sentensi zisizozidi nne.

5. Sikiliza kwa siku moja maneno ya njia yanayosemwa kwa madereva wa moto. Chagua matano yenye "mbele ya" au "nyuma ya", na useme katika kila moja kama mwenye upande ni jengo, msemaji au safari. Yale usiyoweza kuyaamua, yalete darasani. Hayo ndiyo yenye faida zaidi.